Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Tanga: Tutengeeni njia moja ya changarawe isiyo na magari katika Bonde la Zigi

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga;
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Muheza;
Meneja wa TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), Wilaya ya Muheza;
Mhifadhi Mkuu, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani;
Mhifadhi Mkuu, Shamba la Miti Longuza.

YAH: OMBI LA KUTENGWA NJIA YA BAISKELI NA WAENDAO KWA MIGUU KATIKA BONDE LA MTO ZIGI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ombi langu ni moja. Barabara kuu ya kutoka Muheza kwenda Amani iendelee kuboreshwa kwa ajili ya magari, jambo ambalo nami naliunga mkono, lakini sambamba na juhudi hizo itengwe njia nyingine, nyembamba, ya changarawe, isiyoruhusu chombo chochote chenye injini, itakayoanzia pembezoni mwa mji wa Muheza, ipite katika mashamba ya mitiki ya Longuza na vijiji vya Bonde la Zigi, na kuishia Kisiwani na kituo cha zamani cha reli cha Sigi, kwenye lango la Hifadhi. Siombi lami. Nalisema hilo mapema kwa sababu kwetu maendeleo ya barabara yamezoeleka kupimwa kwa lami, na mtu anayeomba changarawe huonekana kama anaomba kurudishwa nyuma.

Wakazi wa Jiji la Tanga hawahitaji kuelezwa baiskeli ni nini. Katika mitaa ya Ngamiani, ambako barabara zinahesabiwa kwa namba kuanzia ya kwanza, utamkuta mama anayetoka sokoni, mwanafunzi aliyepakia mdogo wake kwenye karia, muuza samaki na fundi mwashi, wote juu ya magurudumu mawili, na hakuna anayewashangaa. Sifa hiyo ya mji wetu inajulikana nchi nzima. Hata hivyo, ukishauacha mji na kuishika barabara kuu kuelekea Muheza na Segera, sifa hiyo inakoma. Hapo ndipo yanapopita mabasi na malori ya saruji, na mwendesha baiskeli hana haki nyingine zaidi ya kuteremka kwenye majani kila anaposikia honi nyuma yake. Ukikata kwenda Amani, malori makubwa yanapungua lakini barabara inakuwa nyembamba, kona zinafumba macho, na gari moja dogo la mzigo linatosha kumwachia mtoto wa shule vumbi la kumfanya asione mbele kwa muda.

Sura ya nchi yenyewe inafaa sana. Mji wa Muheza uko takriban mita 200 juu ya usawa wa bahari, na Amani iko takriban mita 900. Anayetazama tarakimu hizo tu atadhani safari nzima ni mlima mtupu, kumbe sehemu kubwa ya mwinuko imerundikana kati ya Sigi na Amani, katika kona zile zinazofahamika kwa kila dereva wa bonde. Chini yake, kuanzia Muheza hadi Kisiwani, kuna vilima vya kupanda na kushuka, mashamba ya michungwa, mitiki, vijito vinavyoingia Zigi, na mto wenyewe ukipotea na kuonekana tena. Ni eneo ambalo mtu wa kawaida, asiye mwanariadha, anaweza kulipita kwa baiskeli akafika akiwa bado ana nguvu za kuzungumza. Ndiyo maana ombi langu linaishia Sigi. Anayetaka kuupanda mlima hadi Amani ataupanda kwa barabara iliyopo, kwa hiari yake na kwa mapafu yake.

Tena wazo la kupitisha njia ya taratibu katika bonde hili si geni. Ujenzi wa Reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, na mwaka 1896 reli ikawa imefika Muheza. Kutoka Tengeni Wajerumani wakachepusha reli ndogo yenye upana wa sentimita 75, ikaingia bondeni kwa takriban kilomita 23 hadi Sigi, ili kuteremsha mbao za misitu ya Usambara Mashariki. Reli hiyo haipo tena. Nyumba ya mkuu wa stesheni imebaki, na leo ni kituo cha kuwapokea wageni wa Hifadhi. Treni haivumilii mwinuko anaouvumilia mbuzi. Kwa hiyo mahali popote palipopita treni, mhandisi alikwisha kuhangaika na vipimo kwa niaba ya mtu atakayekuja na baiskeli. Sitarajii kwamba baada ya zaidi ya miaka 100 tuta lote lingali wazi, na wala siombi mkulima yeyote aondolewe shambani mwake kwa sababu babu wa reli alipita hapo. Ninachoomba ni kwamba, kabla greda halijakwangua popote, wapimaji wenu wakae na wazee wa vijiji, waifuatilie njia hiyo ya zamani, na waseme ni vipande gani vinaweza kutumika tena bila kumdhuru mtu.

Kwingineko jambo hili limefanyika. Huko Otago, kusini mwa Nyuzilandi, reli ya kwenda bara ilifungwa mwaka 1990, kwa kuwa mizigo ilikuwa imehamia barabarani. Mataruma yaling'olewa, tuta likamwagiwa changarawe, madaraja yakawekewa sakafu na kingo, na mwaka 2000 njia ya kilomita 152 ikafunguliwa kwa baiskeli, waendao kwa miguu na wapanda farasi. Mwinuko wake hauzidi mita 1 kwa kila mita 50. Vijiji vilivyokuwa vimeanza kufa baada ya treni kuondoka vilipata wateja wapya, watu wanaoingia jioni wakiwa na njaa na vumbi, wakitafuta kitanda, chakula na mtu wa kuziba pancha. Nchi ile ni tajiri kuliko yetu, nakubali. Lakini waliyoyafanya hayakuhitaji utajiri mkubwa. Yalihitaji uamuzi kwamba ukanda ule mwembamba wa ardhi usimegwe vipande vipande, na usigeuzwe barabara ya magari.

Naomba niondoe hofu moja ambayo najua itatajwa kikaoni: kwamba hizi ni starehe za wazungu wenye baiskeli za mamilioni. Ni kweli kwamba duniani sasa kuna baiskeli zinazoundwa mahususi kwa ajili ya barabara za changarawe, zenye usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano, gia nyepesi, breki za diski na tairi zenye upana wa milimita 40 hivi, upana unaosifiwa kuwa ndio uvumbuzi wenyewe. Basi tazameni ubavuni mwa tairi la Phoenix yoyote ya kizamani iliyoegeshwa nje ya msikiti au kanisa hapo Muheza: inchi 28 kwa 1½, ambazo ni takriban milimita 40. Mabondeni tumekuwa tukiendesha baiskeli za changarawe tangu enzi za wazee wetu, tena bila gia na tukiwa na gunia la machungwa nyuma. Kilichokosekana ni njia inayoziheshimu.

Kwa nini nasisitiza kwamba injini zisiruhusiwe? Sababu ya kwanza ni uhai wa njia yenyewe. Wahandisi wa barabara wana kanuni ya makadirio inayosema kwamba uharibifu huongezeka karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu), maana yake ekseli yenye uzito maradufu huchakaza barabara takriban mara 16. Kwa hesabu hiyo, baiskeli na mwendeshaji wake ni kama hawapo. Changarawe huharibiwa na matairi yanayokwenda kasi, ambayo huirusha pembeni na kuacha yale mawimbi madogo yanayotikisa hadi meno, na huharibiwa na maji yanayokosa mahali pa kwenda. Ukiondoa magari, anabaki adui mmoja, na huyo anadhibitiwa kwa mtaro, kalavati na jembe. Katika nchi inayopata mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka pale Amani, adui huyo si mdogo, lakini angalau majira yake yanajulikana.

Sababu ya pili ni watoto. Mwanafunzi anayetembea saa nzima kwenda shule angetumia robo ya muda huo kwa baiskeli, lakini mzazi mwenye akili hawezi kumruhusu mtoto wa darasa la tano kuendesha kwenye barabara ileile inayopita mabasi na malori. Sihitaji kulieleza zaidi. Kila mzazi aliyesoma mpaka hapa ameshaelewa.

Sasa nije kwenye jambo gumu, ambalo ni bodaboda. Sitaki mtu yeyote aione barua hii kuwa ya kuwapiga vita vijana wa bodaboda. Katika vijiji vya bonde hili bodaboda ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo inayomfikisha mama mjamzito hospitalini usiku, ndiyo inayoteremsha iliki na karafuu kutoka milimani hadi kwa mnunuzi. Kuwafungia njia pasipo kuwapa nyingine kungekuwa ni dhuluma, na kusingedumu hata wiki moja. Ndiyo maana ombi hili linategemea barabara kuu kuwa nzuri. Bodaboda mwenye barabara ya kupitika mwaka mzima hana sababu ya kuingia kwenye njia nyembamba yenye watoto na mizigo. Mwenye barabara iliyokatika wakati wa masika ataingia popote, na nani atamlaumu? Mhandisi wa barabara kuu na mhandisi wa njia ya baiskeli hawana budi kukaa meza moja. Na pale ambapo uhai wa mtu unahusika, kanuni iseme waziwazi kwamba chombo kinachobeba mgonjwa kitapita.

Kuna kosa ambalo naomba tuliepuke tangu kwenye michoro, nalo ni kudhani kwamba vizuizi vya chuma vitaitenganisha pikipiki na baiskeli. Nguzo zinazoachana mita moja na nusu huzuia gari, lakini pikipiki hupita katikati yake bila kupunguza mwendo. Ukizisogeza karibu zaidi, au ukiweka mageti ya kuzunguka, utamzuia kwanza mkulima mwenye matenga mawili ya machungwa, kisha mlemavu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, na kijana wa pikipiki atapita pembeni kwenye nyasi. Chuma kitumike kuzuia magari tu. Pikipiki zitazuiwa na watu: na sheria ndogo za vijiji, ambazo serikali za vijiji zina uwezo wa kuzitunga chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, na faini ndogo inayobaki kijijini kutengeneza njia hiyohiyo, na zaidi ya yote na aibu ya kuonwa na majirani. Sheria iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji ina nguvu kuliko bango lililoletwa na gari la mkoani. Nimeona mabango mengi sana yakigeuzwa vifuniko vya mapipa.

Kuhusu mto, nina maslahi binafsi ambayo sina haja ya kuyaficha: nakaa mjini Tanga, na maji ya bomba ninayokunywa yanatoka Bwawa la Mabayani, ambalo hulishwa na Zigi. Njia iliyokatwa vibaya kwenye mteremko ni mfereji wa kuingizia udongo mtoni, na udongo huo sisi wa mjini tutaulipia katika gharama za kusafisha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na naomba mpaka huo uheshimiwe hata kama wageni watatamani kuendesha baiskeli wakiwa wanaona maji muda wote. Waufikie mto kwenye vivuko, wapumzike, waendelee. Kwingine kote njia ikae juu, ifuate mkunjo wa kilima badala ya kuteremka moja kwa moja, na kila baada ya hatua kadhaa maji yatolewe pembeni kwenda kwenye majani kabla hayajapata kasi.

Najua pia kwamba wahifadhi wana wasiwasi na njia yoyote mpya, kwa kuwa bonde hili limesumbuliwa na wachimbaji haramu wa dhahabu na wapasuaji wa mbao. Wasiwasi huo una msingi. Lakini gogo halibebwi kwa baiskeli kirahisi, na njia inayopitwa kila siku na wanafunzi, wakulima, askari wa misitu na wageni ina macho mengi kuliko kichochoro kinachojulikana na wahalifu peke yao. Nisingependa njia hii iingie ndani ya msitu wa Hifadhi hata hatua moja. Iishie langoni, na mgeni anayetaka kuona miti na ndege wa Usambara Mashariki alipe kiingilio kama wengine na aingie kwa miguu pamoja na mwongozaji.

Kuhusu mapato nitasema kidogo, maana ndilo jambo ambalo huwa linasemwa kupita kiasi. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo, na kwa mgeni anayekwenda Amani kwa gari msemo huo ni kweli tupu: anapandisha kioo Muheza, anakishusha Amani, na vijiji vyote vya katikati havijapata hata shilingi ya maji. Anayekwenda kwa baiskeli hawezi kufanya hivyo. Atasimama kununua machungwa, atakula wali na maharage, atauliza njia, na jua likimzidi atatafuta pa kulala. Mjasiriamali mwenye vyumba viwili safi na fundi baiskeli mwenye gundi na spoki za kutosha ndio watakaonufaika kwanza. Hayo tu. Sitaahidi mamilioni.

Wapo watakaouliza kama kweli mchezo huu una nafasi upande wetu wa Afrika. Mwezi Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu, kwenye vilima ambavyo waandaaji hawakuvionea haya. Huko Kenya, tangu mwaka 2021, kuna mashindano ya siku kadhaa kwenye barabara za changarawe za Maasai Mara, yaliyoasisiwa na timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki ambayo, kwa bahati tu, nayo huitwa Amani. Sisi tuna Amani yenyewe, mlima na bonde, na mji mzima unaojua kuendesha. Lakini sitaki tuanzie kwenye mashindano. Mashindano ni siku moja ya bendera na spika, na kesho yake hakuna anayezibua mtaro.

Ningependekeza tuanze na kipande kifupi ndani ya Shamba la Miti Longuza, kwa sababu huko ardhi ina mwenyewe mmoja, ambaye ni Wakala wa Huduma za Misitu, na njia za kuvuta magogo zipo tayari. Mitiki huchukua takriban miaka 30 kabla ya kuvunwa, kwa hiyo kati ya kupunguzia miti na uvunaji, njia nyingi hulala bila gari kwa muda mrefu. Zichaguliwe zile ambazo kitalu chake hakitavunwa hivi karibuni, zikwanguliwe majani, mitaro ifunguliwe, na zitangazwe kuwa wazi kwa baiskeli na waendao kwa miguu kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kiangazi. Upana wa mita mbili na nusu unatosha. Msimu wa uvunaji ukifika, njia ifungwe na ihamishiwe kitalu kingine, kwa taarifa ya mapema. Hakuna fidia ya kulipwa, hakuna nyumba ya kuvunjwa, na jambo likishindikana, hasara itakuwa ni vibarua wa siku chache.

Kipande hicho kikifaulu, ndipo twende kwenye ardhi ya vijiji, na huko taratibu za Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 zifuatwe kikamilifu: mkutano mkuu wa kijiji uamue, njia iingizwe katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, na mwenye mkarafuu wake mmoja unaosimama katikati ya mstari asikilizwe kama mwenye ekari 50. Ikibidi njia ikunje kuukwepa mkarafuu, na ikunje. Kazi ya kufyeka, kuzibua makalavati na kurudishia changarawe wapewe vikundi vya wanavijiji vinavyopakana na njia, walipwe kwa kipimo cha kazi iliyofanyika, na malipo yatoke kwa wakati. Hili la malipo kwa wakati naliona ni muhimu kuliko mchoro wowote wa mhandisi. Kikundi kilichocheleweshewa posho ya masika hakirudi wakati wa vuli.

Waheshimiwa, naomba mambo mawili yafanyike kabla mvua za vuli hazijaanza Oktoba. La kwanza ni barua ya kujibu, hata kama jibu ni hapana, ikieleza sababu. La pili ni kikao kimoja kifanyike Kisiwani, si Muheza wala Tanga mjini, kikiwahusisha wenyeviti wa vijiji vya bonde, mhandisi wa TARURA, wahifadhi wa Amani na Longuza, viongozi wa bodaboda na walimu wakuu wa shule zilizo kando ya njia. Baada ya kikao, wajumbe waitembelee njia inayopendekezwa kwa miguu au kwa baiskeli, na magari yao yawasubiri upande wa pili. Kwa wasio na baiskeli, waendeshaji wa Tanga tuko tayari kuazima za kutosha, zikiwa na breki zinazoshika.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwendesha baiskeli,
Mkazi wa Ngamiani, Jiji la Tanga.

Nakala:
Meneja wa TANROADS, Mkoa wa Tanga;
Wenyeviti wa Serikali za Vijiji, Bonde la Zigi;
Viongozi wa vijiwe vya bodaboda, Muheza na Kisiwani.